Profesa wa MP3 asiyejulikana

Najua kimya kimekuwa kirefu, lakini ratiba ya mwaka wa nne haina huruma na boom lenyewe limeshaisha. Leo sina picha wala stori za kantini. Huku kwetu ni wiki ya kuchagua mada za project, watu hawalali, na mimi nataka kumzungumzia mzee mmoja wa Kijerumani.

Anaitwa Dieter Seitzer. Kama hujawahi kulisikia jina hilo sishangai. Ikitajwa MP3 watu humtaja Karlheinz Brandenburg, ndiye wanayemwita baba wa MP3, na kweli kazi kaifanya. Ila Brandenburg alikuwa mwanafunzi. Mwenye swali alikuwa Seitzer, na kwa maoni yangu aliyeuliza anastahili sifa sawa na aliyejibu.

Miaka ya 1970 Seitzer alikuwa profesa Chuo Kikuu cha Erlangen-Nürnberg, kusini mwa Ujerumani, akihangaika na namna ya kupitisha maongezi yenye sauti safi kwenye laini ya simu. Zilipoanza habari za ISDN, yaani simu za kidijitali, akasogea mbele zaidi: kwa nini usipite muziki? Upige simu, uchague wimbo, uletewe nyumbani. Akaomba hataza ya wazo lake. Mkaguzi akamwambia haiwezekani.

Na jamani, mkaguzi yule hakuwa mjinga. Piga hesabu mwenyewe. Sekunde moja ya muziki wa CD ni biti kama milioni 1.4. Laini ya ISDN, hata ukiunganisha njia zake mbili, inapitisha biti 128,000 kwa sekunde. Maana yake kila biti 11 utupe 10, halafu msikilizaji asigundue kitu. Mimi ningekuwa mkaguzi ningegonga muhuri ule ule.

Hapa ndipo ninapompendea huyu mzee. Makaratasi yale angeweza kuyafungia kwenye droo akaendelea kufundisha na kula mshahara wake. Badala yake lile "haiwezekani" akalifanya mada ya PhD, akampa Brandenburg, kijana mzaliwa wa hapo hapo Erlangen aliyesoma uhandisi wa umeme (akamaliza 1980) na hisabati (1982).

Njia waliyopita ni ya sikio. Ukiwa umekaa karibu na injini ya daladala, jirani akinong'ona humsikii. Sauti yake ipo, ila muungurumo umeifunika. Eberhard Zwicker, profesa wa Munich, alikuwa ameshapima mambo haya kwa kina: sauti kubwa huifunika ndogo iliyo karibu nayo, hata ile inayofuata punde tu baada yake. Sasa kama sikio halisikii, ya nini kupoteza biti kuihifadhi? Kompyuta ikadirie sikio litasikia nini, biti ziende huko, kwingine zibanwe.

Ukieleza hivyo unaona rahisi. Brandenburg alimaliza PhD yake 1989! Tena walipojaribu "Tom's Diner" wa Suzanne Vega, sauti ya mwanamke mmoja bila ala yoyote, mtambo ukauharibu vibaya, ikabidi warudi kurekebisha na kuusikiliza tena na tena. Viwango vya kimataifa vilipokubaliwa 1992, redio za kidijitali zikachukua mfumo wa wenzao, wa kwao ukaonekana mgumu mno. Jina la .mp3 lilichaguliwa Julai 14, 1995. Yaliyofuata mnayajua. CD moja ya kuchoma ilikuwa inabeba nyimbo zaidi ya 150, na wasanii wetu wa wakati ule wana machungu yao kuhusu hilo ambayo siwezi kuwakatalia.

Sasa turudi huku. Mada nyingi za project hapa zinatoka kwenye madesa. Unachukua ya kaka aliyemaliza miaka mitatu nyuma, unabadilisha mkoa na jalada, unapata B yako. Lekchara anajua. Wewe unajua kuwa anajua.

Najua mtaniambia Ujerumani kuna pesa. Sikatai. Seitzer mwenyewe aliongoza taasisi ya Fraunhofer iliyoanzishwa pale Erlangen 1985, yenye maabara na watu wanaolipwa. Sisi tuna semista mbili na osiloskopu moja inayogombewa na darasa zima. Lakini ninacholilia sicho maabara. Nalilia lekchara mwenye swali lake mwenyewe linalomnyima usingizi, swali ambalo hana jibu lake, aniambie "haya kijana, anzia hapa." Brandenburg alilelewa hivyo, na mwaka 2000 naye akawa profesa kule Ilmenau, mwenye wanafunzi wake.

Mada yangu ni kubana sauti ya mapigo ya moyo ipite kwenye simu ya kitochi, kutoka zahanati ya kijijini hadi kwa daktari wilayani. Msimamizi wangu kasema haiwezekani: simu imetengenezwa kwa ajili ya maongezi, inachuja sauti zilizo chini ya Hz 300 hivi, na mapigo ya moyo mengi yako chini ya hapo. Ni kweli kabisa, na mimi nilikuwa nimeandika hivyo hivyo kwenye ukurasa wa pili. Nilichotaka tuongee ni ukurasa wa tatu, kuhusu kuzipandisha hizo sauti juu kabla hazijaingia kwenye simu, halafu zishushwe tena upande wa pili. Hakuufungua.

Fomu zinakusanywa Ijumaa. Sijabadilisha mada. Mwenye stethoskopu mbovu asiyeihitaji aniachie ujumbe hapo chini.