Mgeni Akisema "Wabeja" Anapigiwa Makofi, Mtoto wa Mwadui Anachekwa

Jina kapuni. Ni staa wa kike, wafuasi anao wa kutosha, na kila akihojiwa redioni anajitambulisha kama mtoto wa Sinza. Waliosoma naye wanajua kazaliwa na kukulia Mwadui, Shinyanga, baba yake akiwa fundi mgodini. Wanajua pia kwamba ulimi wake kaufanyia kazi kuliko hata sauti ya kuimbia. Ile "l" iliyokuwa ikikaa mahali pa "r" imefutwa kabisa, na mama yake akipiga simu mbele za watu, staa anatoka nje kupokea.

Juzikati alirudi Mwadui kwenye msiba, safari hii na mwanawe wa miaka saba. Walioshuhudia wanasema bibi alimwinamia mjukuu na kumsalimia, "Mwangaluka." Mtoto akaangua kicheko. Msibani! Wala si kwamba hana adabu. Neno hilo hakuwahi kulisikia popote zaidi ya kwenye klipu za vichekesho kwenye simu ya dada wa kazi, akadhani bibi naye anaigiza.

Bibi akamgeukia binti yake: "Mwanangu, huyu ananicheka mimi?" Staa hakuwa na jibu.

Na atajibu nini? Mjini kuna mchekeshaji mmoja, naye jina kapuni, anayekula vizuri kwa kazi moja tu: kuvaa miwani ya jua usiku, kufunga redio kwenye baiskeli, na kusema "habali" badala ya "habari". Watu hoi. Hakuna utani ndani yake, kichekesho ni Msukuma mwenyewe. Wasukuma ndio kabila kubwa kuliko yote Tanzania, ila mitandaoni wanaonekana kama watu walioshuka kwenye basi jana.

Sasa angalia upande wa pili. Akitokea Mzungu au Mchina akasema "mambo vipi" kwa kuvunjavunja, au akatupia "wabeja" moja tu mnadani Kahama, klipu inasambaa nchi nzima. "Huyu apewe uraia!" Anayejua maneno kumi ya Kiswahili anaitwa ndugu. Anayekijua chote, aliyesomea Kiswahili tangu darasa la kwanza, anaitwa mshamba kwa sababu ya herufi moja.

Kumkaribisha mgeni ni jambo jema, na hakuna anayesema aache kushangiliwa. Swali ni kwa nini ukarimu huo unaishia kwake. Kisukuma hakitofautishi "l" na "r", kama ambavyo lugha ya Mchina huyo nayo ina sauti zake. Ulimi wa mgeni unaonewa huruma, ule wa mwenyeji unageuzwa kichekesho.

Wapo watakaotoa povu: "Kiswahili ndicho kilichotuunganisha, ukabila wa nini?" Hoja ya kwanza ni kweli tupu. Nchi yenye makabila zaidi ya 120 ingekuwa pagumu bila Kiswahili, na mgodi kama Mwadui, uliovuta vibarua na mafundi wa kila aina, ulikihitaji ili kazi iende. Lakini kuunganisha watu si kuwafyatua kama matofali. Msukuma alishajifunza Kiswahili, kazi yake kamaliza. Kudai afute na sauti ya mama yake ni kudai malipo ambayo hadaiwi.

Halafu hao wanaocheka wanajiona wanaongea Kiswahili cha wapi? Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, si juu ya Kisinza wala Kikinondoni. Mpemba akimsikia mtoto wa Dar akisema "zahabu" badala ya "dhahabu", "selasini" badala ya thelathini, na "abari" bila "h", ana haki ya kucheka mpaka kesho. Dar ina lafudhi kama Geita. Tofauti ni kwamba redio na studio ziko Dar.

Kinachouma zaidi ni kwamba mastaa waliotoka huko ndio wangeweza kubadilisha mchezo. Staa mmoja mwenye wafuasi wa maana akiongea kwenye mahojiano kwa sauti aliyozaliwa nayo, watoto wa Maganzo na Kahama wangeacha kunyamaza darasani wakihamia shule za mjini. Badala yake staa anacheka pamoja na wachekaji, tena anasambaza klipu. Anadhani amejiokoa. Bili imekuja kumkuta msibani, na aliyeilipa ni bibi.

Mwaka 1947 almasi ya waridi iliyotoka Mwadui alizawadiwa Princess Elizabeth wa Uingereza kwa ajili ya harusi yake. Ilimtoka Dk. John Williamson, Mkanada aliyeanzisha mgodi huo. Jiwe likakatwa, likang'arishwa, likabaki karati 23.6, na baadaye Malkia akalivaa kifuani kwenye shughuli kubwa kubwa. Hadi leo kila anayelisimulia anataja lilikotoka, kwa sababu asili ni sehemu ya thamani yake. Jiwe la Mwadui halikuhitaji kudanganya kwamba limetoka Sinza.

Staa bado ana muda. Bibi yupo hai, likizo ya shule inakuja, na basi la Shinyanga linaondoka kila siku. Mtoto wa miaka saba anashika lugha akiachwa acheze na wenzake. Aanze na neno moja tu, lile lile alilolicheka.

Na wewe unayesoma hapa, mara ya mwisho umesambaza klipu ya "Msukuma kaja mjini" lini? Dondosha maoni yako, na kama lafudhi yako ni ya kwenu, andika na ulikotoka.