Jangwani: Kupanua au Kuhama?

Kwa muda mrefu limekuwapo suala ambalo halijapata jawabu la kuridhisha: je, klabu ya Young Africans, yaani Yanga, ijenge uwanja wake mkubwa pale pale Jangwani, katikati ya jiji la Dar es Salaam, kwa kuupanua uwanja wake wa Kaunda, au itafute ardhi nyingine na kuhamia huko? Baadhi ya ndugu zetu watauliza jambo hili linatuhusu nini sisi wa Visiwani. Tunajibu kwamba linatuhusu sana. Ni kweli michezo si jambo la Muungano, lakini mapenzi ya mpira hayakuwekewa mpaka baharini. Kila penye mechi kubwa, wananchi wetu hujaa botini kwenda kushangilia. Isitoshe, wazee wa klabu hiyo hawaachi kulitaja jina la Marehemu Mzee Abeid Amani Karume miongoni mwa waliosaidia kusimama kwa jengo lao la Jangwani. Kwa hiyo tunayo haki ya kutoa maoni yetu.

Wanaotaka Yanga ibaki Jangwani wana hoja nzito, wala si vyema kuzibeza. Klabu hii ilizaliwa mwaka 1935, wakati wa utawala wa kikoloni, na kwa wafuasi wake Jangwani ni kama jina la ukoo. Pale ni jirani na Kariakoo, mahali ambapo mchuuzi, kuli na karani wanaweza kufika kwa miguu baada ya kazi. Mabasi yaendayo haraka yanapita hapo katika barabara ya Morogoro. Msafiri anayeteremka bandarini kutoka Unguja hana safari ndefu ya kufika. Mpira ni starehe ya watu wa kipato kidogo, na uwanja unaopelekwa mbali huwatoza nauli ambayo haikuandikwa katika tiketi.

Tena ni aibu kwamba klabu kongwe kama hii, iliyofika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika mwaka 2023, imeishi miaka mingi kwa kuazima viwanja vya wengine. Fainali hiyo ilipochezwa Dar es Salaam, ilichezwa katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, mali ya Serikali, uliofunguliwa mwaka 2007. Mpangaji hana kauli katika nyumba ya mwenyewe. Siku uwanja ukifungwa kwa matengenezo, timu hubeba virago vyake kwenda kuomba hifadhi kwingine.

Pamoja na hayo yote, ipo hoja moja ambayo hatuwezi kuifumbia macho, nayo ni maji. Jangwani ni bonde la mto Msimbazi, ambao huteremka kutoka vilima vya Pugu na kumwaga maji yake baharini karibu na daraja la Salenda. Mvua kubwa inaponyesha, mto hudai njia yake. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wapatao 40 jijini, na maelfu wakakosa makazi. Baada ya msiba huo, Serikali iliwahamishia baadhi ya waathirika Mabwepande na kuwakataza kurudi mabondeni. Tangu hapo barabara ya Jangwani imefungwa mara kadhaa kwa mafuriko, na hata kituo cha mabasi yaendayo haraka kilichojengwa bondeni humo hakikunusurika. Uwanja wa Kaunda wenyewe umegeuka ziwa zaidi ya mara moja.

Mwaka 2022 Benki ya Dunia ilipitisha mkopo wa dola milioni 200 za Marekani kwa ajili ya kuliendeleza bonde hilo: mto upanuliwe, daraja liinuliwe, na sehemu kubwa ya ardhi iachwe wazi iwe bustani ya jiji na mahali pa maji kupumua. Kwa kazi hiyo wakazi walilipwa fidia na nyumba zao zikavunjwa.

Hapa ndipo penye kiini cha suala letu. Mama ntilie aliyekuwa na kibanda bondeni aliambiwa kwamba mahali pale ni hatari kwa maisha yake, akahama. Je, ardhi hiyo hiyo itageuka salama kwa sababu anayeiomba ni klabu yenye mamilioni ya wapenzi na wafadhili wenye uwezo? Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Ikikata kwa mnyonge na kugoma kwa mwenye nguvu, wananchi wataona kuwa si sheria tena bali ni upendeleo. Wala si haki peke yake inayoingia hapa. Kifusi kitakachomwagwa ili kuuinua uwanja hakiyamalizi maji. Huyasukuma tu kwenda kwa jirani. Ndugu zetu wa Sebleni na Mwanakwerekwe hawahitaji kufundishwa somo hilo.

Wapo watakaotuuliza kwa nini sisi wenyewe tumejenga mjini. Uwanja wa Amaan, uliofunguliwa mwaka 1970, ulifanyiwa ukarabati mkubwa pale pale ulipo na kufunguliwa upya mwaka 2023. Na ule wa Mao Zedong ulijengwa upya mahali pake. Tunasema hiyo ilikuwa sahihi, kwa kuwa viwanja hivyo ni mali ya umma na havikusimama katika mkondo wa mto. Hatupingi viwanja vya katikati ya mji. Tunachopinga ni kujenga mahali ambapo maji yamekwisha kuweka hati yake ya umiliki.

Wala kuhama si kufa. Klabu ya Azam ilijenga Chamazi, pembezoni mwa jiji, na leo uwanja wake unaazimwa na wakubwa. Arsenal ya London iliondoka Highbury mwaka 2006 baada ya miaka zaidi ya 90, lakini ilihamia karibu, katika mitaa ile ile ya wapenzi wake, na haikupotewa na jina wala mashabiki. Lakini kuhama nako kuna masharti. Uwanja wa mbali bila ya barabara, bila ya mabasi na bila ya maji ni gofu linalosubiri siku yake.

Kwa maoni yetu, basi, Yanga ibaki Jangwani kwa makao makuu yake, kwa kumbukumbu zake na kwa mazoezi ya vijana. Lakini uwanja mkubwa wa mashindano ujengwe penye ardhi kavu, karibu na njia za usafiri wa umma. Ikiwa wahandisi wa mradi wa Msimbazi watathibitisha kwamba sehemu fulani inaweza kubeba uwanja bila ya kumdhuru jirani, basi taarifa yao itangazwe hadharani, wananchi waisome, na ndipo kibali kitolewe. Kibali kisitangulie uchunguzi.

Uamuzi wa mwisho uwe wa wanachama, ambao katika mfumo mpya wa klabu wamebakiziwa asilimia 51. Hiyo ni amana, si mapambo ya katiba. Na kwa wahusika Serikalini, Bara na Visiwani, tunasema hivi: kelele za mashabiki husikika kwa dakika tisini, lakini ukuta uliojengwa pasipostahili hudumu miaka mia, na anayeulipia ni yule aishiye upande wa chini wa mto.