Barabara hazina kitambulisho, na Hazina haina haraka

Haya wapenzi wa mambo ya tarakilishi, leo tuweke simu mpya na programu zake kando kidogo. Leo ni barabara. Najua kuna mtu ataniuliza: wewe mwandishi wa programu, wewe na lami wapi na wapi? Subiri. Shida ya barabara zetu, kabla hata hujamfikia mwizi, ni shida ya data. Na data ndiyo kazi yangu.

Tuanze na pesa zako. Ukinunua lita moja ya petroli au dizeli hapa Kenya, shilingi 25 zinaenda kwenye mfuko wa matengenezo ya barabara. Ushuru huu ulianzishwa kwa sheria ya 1993. Mwaka 2016 ulipanda kutoka shilingi 12 hadi 18, na Julai 2024 ukapanda tena hadi 25. Bodi ya Barabara, KRB, ndiyo inayougawa, na mafungu makubwa yanaenda kwa KeNHA ya barabara kuu, KURA ya mijini na KeRRA ya mashambani.

Sasa piga hesabu. Tuseme matatu inakunywa lita 40 kwa siku. Hiyo ni shilingi 1,000 kila siku ya Mungu. Boda boda wa lita 4 anatoa 100. Wakifanya kazi siku 300 kwa mwaka, mwenye matatu ametoa 300,000 na kijana wa boda boda 30,000. Usifikirie kwamba wewe wa kutembea kwa miguu umeponea. Sukuma wiki ilikuja sokoni kwa gari, na gari halinywi maji. Kwa jumla mfuko huu ni zaidi ya shilingi bilioni 100 kwa mwaka.

Haya, nionyeshe zako zilienda kilomita gani.

Majina mengi, kitambulisho hakuna

Kununua laini ya simu lazima utoe kitambulisho. Kufungua akaunti ya benki, kitambulisho. Hata ng'ombe wa maziwa aliyesajiliwa ana nambari sikioni. Lakini mradi wa barabara unaokula mabilioni hauna nambari moja inayoufuata kutoka siku ulipofikiriwa hadi siku ulipokaguliwa.

Fuata barabara yoyote uone. Kwenye kitabu cha bajeti ni mstari wenye msimbo wa Hazina. Kwenye tangazo la zabuni ina nambari nyingine. Kama kuna mkopo, mkataba wa mkopo unaupa mradi jina lake. Kwenye ule ubao wa kando ya barabara kuna jina la nne. Mwishowe Mkaguzi Mkuu wa Hesabu anaielezea kwa sentensi ndefu katikati ya ripoti. Hata barabara yenyewe hubadilika jina: ile ya Nairobi kwenda Nakuru tuliijua miaka mingi kama A104, kisha uainishaji mpya wa 2016 ukaifanya A8. Hadi leo utakuta watu na makaratasi yakitumia yote mawili.

Yeyote aliyewahi kuunda hifadhidata anajua maana yake. Ukiwa na majedwali matano na hakuna safuwima moja inayofanana katika yote, huwezi kuyaunganisha. Huwezi kuuliza swali rahisi kabisa: mradi huu ulitengewa ngapi, ukapewa nani kwa ngapi, ukalipwa ngapi, na zilijengwa kilomita ngapi? Lazima mtu akae chini na kalamu, abahatishe kwamba "ukarabati wa barabara ya X hadi Y" hapa ndio "uboreshaji wa barabara ya Y" kule. Hapo katikati ya kubahatisha ndipo pesa hupotelea. Mwizi hahitaji giza totoro. Anahitaji tu majedwali yasiyoongea.

"Lakini tumechapisha!"

Wakubwa watakwambia kila kitu kiko kwenye wavuti. Ni kweli hatua zimepigwa, nami sikatai. Tarehe 8 Julai 2011 Rais Kibaki alizindua tovuti ya data huria ya serikali, tukapigiwa makofi Afrika nzima. Kisha data nyingi zikakaa pale bila kusasishwa kama kalenda ya mwaka jana. Mwaka 2018 Rais Kenyatta akatoa agizo kwamba kuanzia Julai 1 kila ofisi ya umma ichapishe habari za zabuni zake, nani ameshinda na kwa bei gani. Vizuri sana.

Lakini kushinda zabuni si kujenga barabara. Bei ya siku ya kutia sahihi si bei ya siku ya kumaliza. Katikati kuna nyongeza za kandarasi, riba ya kuchelewesha malipo, fidia ya mashamba na cheti cha mhandisi kinachosema kazi imefika hapa. Na PDF ya karatasi iliyoskaniwa kwa upande si data, jamani. Ni picha ya data. Kompyuta haiwezi kuijumlisha, na aliyeiweka hapo anajua hivyo.

Reli ilitufundisha nini

Kumbukeni SGR. Mikataba ya mkopo na benki ya Exim ya China ilitiwa sahihi Mei 2014. Abiria wakaanza kupanda treni kutoka Mombasa hadi Nairobi mwaka 2017. Mikataba yenyewe? Siri. Wanaharakati waliomba kwa barua, wakanyamaziwa. Wakaenda Mahakama Kuu ya Mombasa, ambayo Mei 2022 iliamuru habari zitolewe. Novemba mwaka huo Waziri Murkomen akaweka mikataba mitatu ya mkopo hadharani. Hapo ndipo mlipa kodi alipojisomea kwamba sehemu ya mkopo ilikuwa ya kibiashara, riba ya asilimia 3.6 juu ya Libor, na kwamba mzozo ukizuka utaamuliwa Beijing.

Miaka minane! Tulipewa kusoma masharti baada ya treni kuzoeleka. Na Juni 2020 Mahakama ya Rufaa ilikuwa tayari imesema ununuzi wa reli ile ulikiuka Katiba. Reli ilikuwa imejengwa zamani. Ukimwona mgonjwa baada ya matanga, wewe si daktari.

Na sasa zile shilingi 7

Msidhani hayo yamepita. Zile shilingi 7 zilizoongezwa Julai 2024, hazijazeeka. Mwaka 2025 serikali ilizitoa kama dhamana ili kupata shilingi bilioni 175 za kuwalipa wanakandarasi waliokuwa wakidai. Kulipa deni ni jambo jema. Kuna wanakandarasi ambao benki ziliwapigia mnada matingatinga. Lakini tafakari: ushuru wa kutengeneza barabara za kesho umelipa kandarasi za jana.

Kandarasi hizo zilizidije pesa zilizokuwepo? Jibu si siri. Barabara huahidiwa jukwaani, jiwe la msingi likawekwa, zabuni ikatangazwa, halafu ndipo Hazina huulizwa kama kuna kitu mfukoni. Upangaji unaanzia mwisho. Hakuna mahali mwananchi anaweza kuona kwa urahisi kwamba barabara hii ilipata alama ngapi, magari mangapi yalihesabiwa, na kwa nini imeruka foleni mbele ya ile inayofika hospitali ya wilaya. Usiponionyesha sababu ya kuchagua, siwezi kujua kama ulichagua au ulipewa.

Ninachodai

Sidai akili bandia wala mradi mwingine wa mabilioni wa kufuatilia miradi ya mabilioni. Nadai jedwali moja:

1. Nambari moja ya mradi, itolewe siku wazo linapoandikwa, isibadilike hadi ukaguzi wa mwisho.
2. Sababu ya kuchaguliwa: idadi ya magari, makadirio ya gharama, na nafasi yake kwenye foleni.
3. Mahali inapoanzia na kuishia kwenye ramani, na urefu kwa kilomita.
4. Pesa zatoka wapi, na kama ni mkopo, masharti yake.
5. Mwanakandarasi na wamiliki wake, bei ya kandarasi, na kila nyongeza pamoja na sababu yake.
6. Kila malipo, tarehe yake, na cheti cha mhandisi.
7. Mkaguzi Mkuu alisema nini.

Faili moja ya CSV, isasishwe kila mwezi, ipakuliwe na yeyote bila kujisajili. Hatubuni gurudumu upya: kiwango cha wazi cha data za kandarasi kipo tangu 2014, na majirani zetu Uganda wamo kwenye mpango wa kimataifa wa uwazi wa miundombinu, CoST. Kaunti ya Makueni ilishaweka kandarasi zake kwenye tovuti ya wazi. Kama Makueni imeweza, wenye ofisi za ghorofa Nairobi wanashindwa na nini?

Kuna watakaosema ni siri ya usalama. Culvert ya Kitengela si kombora. Wengine watasema ni siri za biashara. Bei unayomtoza mwananchi ni siri kwa nani, kama mwananchi ndiye mnunuzi? Na kuna wale wa kusema mama wa kijijini hajui CSV. Hana haja ya kuijua. Mwanahabari ataisoma, mwanafunzi ataigeuza ramani, mwingine ataitumia kutuma ujumbe mfupi kwa kila kijiji: barabara yenu imelipiwa kilomita 12, hesabuni.

Tena tumeshafanya haya. Mzalendo ilianza kufuatilia wabunge katikati ya miaka ya 2000. Ushahidi ilizaliwa 2008 wakati nchi inaungua. Mwaka 2014 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Marekani walitoa ramani ya njia za matatu za Nairobi, data iliyokusanywa kwa simu za mkononi wakiwa ndani ya matatu. Wanaprogramu tuko. Data ndiyo haiko.

Kwa hivyo, andika barua

Sheria ya kupata habari ya 2016 iko upande wako. Unaweza kuomba kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Hulazimiki kueleza unazitakia nini. Ofisi ina siku 21 za kukujibu, na ikinyamaza unaenda kwa Ombudsman. Mimi nimewarahisishia kazi:

"Kwa Mkurugenzi Mkuu. Chini ya Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016, naomba kuhusu barabara ya ______: bei ya kandarasi, nyongeza zote na sababu zake, malipo yote na tarehe zake, na kilomita zilizokamilika. Naomba kwa lahajedwali, si kwa karatasi iliyoskaniwa. Asante."

Nakili, jaza barabara inayopita kwenu, tuma. Barua moja wataitupa. Elfu moja, itabidi watafute mtu wa kuunda lile jedwali.