Wakfu wa Pumzi

Watu wa kisiwa hiki cha Mvita tangu zama za mababu wamekuwa hodari wa kuweka wakfu, hata ukipita Mji wa Kale, kutoka Ndia Kuu hadi Kuze na Kibokoni, ni taabu kwenda mwendo mfupi usikutane na msikiti, au kisima, au nyumba ambayo mwenyewe katika uhai wake aliifunga kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, isiuzwe wala isirithiwe, bali manufaa yake yawaendee waja milele. Ama hospitali tumeiachia serikali. Nasi tuikumbukapo, aghalabu huwa ni siku ya msiba, kwa mchango wa haraka wa kununua mashine, ambayo hupigwa picha, hukabidhiwa, kisha husahauliwa. Dai langu ni kwamba pumzi ya mgonjwa nayo yastahili wakfu, na kwamba elimu ya mapafu, kwa kadiri ilipofikia leo, yatuonyesha ni kitu gani hasa kifaacho kufungwa kwa nia hiyo, na kipi si cha kukikimbilia.

Elimu hiyo haikuanzishwa na mtu aliye mbali nasi. Ibn al-Nafis, aliyezaliwa karibu na Damascus mwaka 1213 na kusomea utabibu katika mji huo, alihamia Kairo, akawa tabibu mkubwa na papo hapo fakihi wa madhehebu ya Imamu Shafi, ndiyo madhehebu ya wengi wetu wa pwani. Mwaka 1242, naye hajatimiza miaka thelathini, aliandika sharhi juu ya maneno ya Ibn Sina yahusuyo maumbile ya mwili, na humo akathubutu kumkanusha Galen, Myunani ambaye kauli yake ilikuwa imeshikwa kwa zaidi ya miaka elfu, ya kuwa damu hupenya kutoka chumba cha kulia cha moyo hadi cha kushoto kwa vitundu vilivyomo katika kiambaza cha katikati. Ibn al-Nafis alisema kiambaza hicho ni kinene na hakina tundu, la dhahiri wala la siri. Basi damu haina budi itoke chumba cha kulia, iende mapafuni, ichanganyike huko na hewa, ndipo irejee chumba cha kushoto ili ienezwe mwilini. Huko Ulaya maneno kama haya hayakuchapishwa ila mwaka 1553, na Michael Servetus, na vijishipa vyembamba viunganishavyo njia hizo mbili havikuonekana kwa jicho hadi Marcello Malpighi alipotazama pafu la chura kwa hadubini mwaka 1661. Ama sharhi yenyewe ililala mpaka mwaka 1924, tabibu kijana wa Kimisri, Muhyi al-Din al-Tatawi, alipoikuta katika maktaba ya Berlin.

Wasimulizi wa maisha yake hupenda kutaja kwamba katika maradhi ya mwisho matabibu wenzake walimshauri anywe mvinyo kama dawa, akakataa. Mimi napenda zaidi habari nyingine, isiyotajwa sana: kwamba alipofariki mwaka 1288 nyumba yake na vitabu vyake aliviacha kwa hospitali ya Mansuri ya Kairo. Aliyeitambua njia ya damu mapafuni alijua pia ya kuwa tiba haisimami kwa elimu peke yake.

Njia ile aliyoitambua ina tabia zake, na aliyeziona hataidhania mashine kuwa ndiyo roho ya mgonjwa. Damu ipitayo mapafuni ni sawa kwa wingi na ile izungukayo mwili mzima, lakini husukumwa kwa nguvu ndogo mno, kiasi cha moja ya sita hivi ya ile itumikayo mwilini, kwa sababu kuta za vijishipa vya huko ni nyembamba kupita kiasi, na lau zingesukumwa kwa kishindo zingevuja maji na kumzamisha mtu ndani ya kifua chake. Mwaka 1946, Ulf von Euler na Göran Liljestrand wa Uswidi walionyesha katika paka jambo la ajabu zaidi: palipo na oksijeni haba, mishipa ya mapafu hujikaza, ilhali mishipa ya mwili mahali kama hapo hulegea. Hekima yake ni kwamba sehemu ya pafu iliyojaa usaha wa kichomi hunyimwa damu, na damu hiyo ikaelekezwa kwenye sehemu iliyo nzima, ili isipite bure. Maradhi makali huuvuruga mpango huu, na hapo ndipo mgonjwa huvuta hewa kwa jitihada zote, na hewa ikaingia, lakini damu isiikute. Upepo peke yake haufikishi jahazi lililopasuka tanga.

Yafuatayo ni kwa wale waliodhani, katika siku za korona, kwamba hesabu ya mashine za kupumulia ndiyo hesabu ya watakaopona. Mashine hiyo ina heshima yake, wala siivunji. Mwaka 1952 mji wa Copenhagen ulipovamiwa na maradhi ya kupooza, Bjørn Ibsen alipitisha mpira katika koo za wagonjwa walioshindwa kupumua, na wanafunzi wa udaktari wapatao 1500 wakapokezana kuwapulizia hewa kwa kuminya mfuko kwa mikono, usiku na mchana, kwa wiki nyingi. Na vifo, ambavyo awali vilikuwa vya zaidi ya wanane kwa kila kumi, vikashuka hata chini ya nusu. Lakini angalieni ni nini kilichookoa: mikono ya watu, na zamu isiyokatika. Kisha miaka ikapita, na uchunguzi mkubwa wa Marekani uliotangazwa mwaka 2000, wa wagonjwa 861, ukathibitisha ya kuwa pumzi kubwa iliyozoeleka kutolewa na mashine ilikuwa ikiyajeruhi mapafu, kwani walipopunguziwa kipimo hadi nusu, vifo vilishuka kutoka karibu 40 katika kila mia hadi 31. Mwaka 2013, Claude Guérin na wenzake wa Ufaransa walitangaza kwamba mgonjwa mahututi aliye katika mashine, akilazwa kifudifudi kwa saa nyingi kila siku, hupona zaidi. Vifo katika siku 28 vilikuwa 16 kwa mia badala ya takriban 33. Dawa ya kumgeuza mtu haiuzwi dukani. Yahitaji wauguzi wanne au watano wenye ujuzi, na utulivu, na mtu wa kuushika mpira usichomoke.

Sisi tuliyaona haya kwa jinsi yetu. Mei 6, 2020, katikati ya Ramadhani, serikali ilitangaza kuufunga Mji wa Kale, pamoja na Eastleigh ya Nairobi, hakuna kuingia wala kutoka. Na kwengineko kisiwani, mabweni ya chuo cha ufundi yaligeuzwa kuwa wodi za kuwatenga wagonjwa. Chuo hicho, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, kilizaliwa kwa ukarimu wa namna ileile ninayoitetea, kwani kilipoanza kama taasisi ya elimu ya Waislamu mwanzoni mwa miaka ya 1950, miongoni mwa waliokichangia walikuwa Sultani wa Unguja, Aga Khan na jamaa wa Bohora. Mwaka 2021 zikatolewa habari za wagonjwa mahututi wa korona wapatao elfu tatu kutoka hospitali 64 za nchi kumi za Afrika, Kenya ikiwemo: karibu nusu yao, 48 kwa mia, walifariki ndani ya siku 30, wakati wastani wa dunia ulikuwa kama 31. Watafiti walitaja uhaba wa vifaa, na wakataja vilevile vifaa vilivyokuwapo na havikutumika. Hili la pili ndilo lapasa kutuuma.

Hata katika jambo la oksijeni peke yake, bila ya mashine, elimu haijakamilika, na sehemu ya elimu hiyo imetafutwa hapa hapa. Tangu mwaka 2017 hadi 2020, chini ya watafiti wa Kilifi, watoto 1842 wenye kichomi kikali na oksijeni haba katika damu waliingizwa katika uchunguzi katika hospitali za Uganda na Kenya, mojawapo ikiwa Hospitali Kuu ya Pwani, ambayo wazee bado huiita Makadara. Waliuliza kama hewa yenye joto na mkondo wa nguvu puani ni bora kuliko mpira wa kawaida, na kama mtoto ambaye upungufu wake si mkubwa sana yamlazimu apewe oksijeni. Uchunguzi ulikatizwa kabla ya kufikia watoto 4200 waliokusudiwa, na kauli ya mwisho haikupatikana. Nadhani swali la pili lisingeulizwa Stockholm. Liliulizwa kwetu kwa kuwa mitungi ni haba, na mganga hana budi kuchagua. Na wazazi waliowatoa watoto wao wana haki ya kuambiwa kwa Kiswahili kilichoonekana, na kisichoonekana pia.

Basi iwekwe wakfu nini? Fakihi atasema, na Ibn al-Nafis angemuunga mkono, kwamba katika madhehebu yetu wakfu hausihi ila katika kitu kitumikacho na asili yake ikabaki. Chakula hakiwekwi wakfu kwa kuwa kikiliwa kimekwisha. Oksijeni ndani ya mtungi ina hukumu ya chakula. Wala mtambo wenyewe wa kuchuja oksijeni kutoka hewani, ukiachwa peke yake, haudumu, maana unyevu wa pwani huziharibu punje za ndani zinazoitenga na naitrojeni, na umeme ukikatika unanyamaza. Hukumu ya fakihi na shauri la fundi hapa ni kitu kimoja: kifungwe kile kizaacho kila mwezi, yaani nyumba au duka, na kodi yake ndiyo iwe pumzi. Inajulikana kwamba nyumba kadhaa za wakfu mjini hupangishwa kwa kodi za zamani zisizotosha hata chokaa; hilo nalo litazamwe kabla ya kuongeza nyingine.

Hati yenyewe, ikisajiliwa mbele ya Tume ya Wakfu, yaweza kuwa na mistari michache. Kodi itengeneze kwanza nyumba, kama sheria itakavyo. Kisha imlipe fundi wa mtambo na vipuri. Kisha jenereta na mafuta yake. Kisha muuguzi wa zamu ya usiku. Kikibaki kitu, vinunuliwe vile vipimo vya kidoleni, mzizi wake ukiwa fikra ya Takuo Aoyagi wa Japani mwaka 1974, lakini kwa sharti moja la kuandikwa wazi: viwe vimejaribiwa kwa ngozi kama zetu, kwani mwaka 2020 ilidhihirika huko Marekani ya kuwa hukosa kuuona upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi takriban mara tatu zaidi kuliko kwa weupe.