Lubega si ushahidi



Siku moja tukiwa safarini tuliteremka Dumila, pale inapochepuka barabara ya kwenda Rudewa na Kilosa, tukaingia katika msikiti mmoja kuswali Adhuhuri. Nyuma yetu alifika kijana aliyevaa lubega na kushika fimbo. Aliiegemeza fimbo ukutani, akaanza kuvua katambuga zake, na hapo ndipo tulipoona jambo linalotukera moyoni hadi leo. Wawili watatu miongoni mwa waumini walivisogeza viatu vyao karibu. Mzee mmoja akamwendea kijana na kumwuliza anamtafuta nani. "Shikamoo mzee," alijibu. "Nimekuja kuswali." Akaenda kutawadha, na udhu wake ulikuwa kamili kuliko wa baadhi yetu tuliovaa kanzu.

Mzee yule hakuwa mtu mbaya, wala hatukuandika ili kumsuta. Tukisema kweli, hata macho yetu sisi yaliifikia fimbo kabla hayajaufikia uso wa kijana. Tulikwisha kumhukumu kabla hajatamka neno.

Hofu ya watu wa Dumila haikuzuka hewani. Ijumaa ya tarehe 8 Desemba 2000, ndani ya mwezi mtukufu wa Ramadhani wa mwaka 1421 Hijria, wafugaji wa Kimasai wenye silaha walikivamia kijiji cha Rudewa Mbuyuni, katika wilaya hii hii ya Kilosa, wakaua wakulima 38. Roho ya mtu mmoja asiye na hatia ni nzito mbele ya Mwenyezi Mungu. Tuseme nini juu ya roho 38? Hatuna udhuru wowote wa kuwatolea wauaji wale. Lakini aliyezaliwa baada ya siku ile, au aliyekuwa siku ile akichunga ndama Kiteto, anaingia wapi katika damu ile? Hili ndilo swali ambalo wengi wetu hatutaki kuulizwa.

Mwaka 2009 watafiti Tor Benjaminsen, Faustin Maganga na Jumanne Abdallah walichapisha utafiti wao juu ya mauaji yale. Hawakuridhika na maelezo mepesi kwamba ardhi imekuwa haba, wala kwamba Mmasai ni mtu wa vita kwa mila yake. Walionyesha jinsi sera zilivyomsukuma mfugaji pembeni kwa miaka mingi, na jinsi rushwa ilivyowafanya watu wa pande zote mbili kukosa imani na vyombo vya dola. Mtu asiyetaraji haki kwa kiongozi wala mahakama hushika silaha yake mwenyewe. Tazama basi kazi ya chuki: huku tunakodoleana macho, mkulima na mfugaji, yule aliyepokea bahasha za pande zote mbili anapita katikati yetu salama, tena tunamwamkia.

Majina nayo yamebeba sumu ya zamani. Katika Morogoro tumezoea kuwaita Wadatoga "Wamang'ati", na wengi wetu hudhani hilo ndilo jina la kabila lao. Neno hilo limetokana na lugha ya Kimasai, na maana yake ni adui. Mtoto wa Kidatoga huandikishwa shuleni, na wenzake humwita adui kila asubuhi bila kujua wanasema nini. Mmasai naye ana neno "ormeek" kwa mtu wa makabila mengine, hasa mkulima aliyeshika mwenendo wa mjini, nalo halisemwi kwa heshima. Kwa hiyo tusidhani kwamba dharau imetoka upande mmoja. Mfugaji anamwona mkulima kuwa maskini aliyeinamia udongo kwa kukosa ng'ombe. Mkulima anamwona mfugaji kuwa mtu asiye na kwao, leo yupo na kesho hayupo. Kila mmoja anampima mwenziwe kwa pishi ya nyumbani kwake.

Hata ardhi yenyewe hawaioni kwa jicho moja. Mkulima wa Kikaguru au Kisagara akitazama eneo lenye nyasi ndefu ambalo halijaguswa jembe, husema hilo ni pori, halina mwenyewe. Mmasai akitazama mahali hapo hapo aweza kuona olopololi, yaani malisho yaliyohifadhiwa kwa ajili ya ndama na ng'ombe wagonjwa. Wasukuma waliohamia kwetu na mifugo yao wana ngitili, malisho yanayofungwa wakati wa masika ili yafae kiangazi. Kinyume chake, mfugaji akiona shamba limebaki na mabua baada ya mavuno, kwake hicho ni chakula cha ng'ombe kinachopotea bure. Mwenye shamba anaona mali yake, na pengine mbegu ya msimu ujao imo humo. Hakuna aliyesema uongo katika hawa. Kila mmoja ameona alichofundishwa na wazee wake kuona, na ameitwa mwizi na mwenziwe kwa sababu hiyo.

Mgogoro wa kijiji cha wafugaji cha Mabwegere ulipanda mahakamani hadi Mahakama ya Rufani ya Tanzania, na katika miaka ya 2010 wanavijiji wa jirani waliwahi kuifunga barabara kuu hapo Dumila kwa hasira. Mahakama inaweza kuamua mpaka upite wapi. Haiwezi kumwamuru mtu amwoneje jirani yake ng'ambo ya mpaka huo.

Sisi wa magazeti hatukosi lawama. Jambazi akivunja duka Kariakoo tunaandika "jambazi". Ng'ombe wakiingia shambani tunaandika "wafugaji wavamia", kana kwamba wafugaji wote wa nchi hii walikutana usiku wakakubaliana. Ibn Khaldun, katika Muqaddima yake ya mwaka 1377, aliutaja ushabiki miongoni mwa sababu za uongo kuingia katika habari, kwani humzuia mtu asipeleleze anachoambiwa. Cha kusikitisha ni kwamba mwanachuoni huyo huyo aliandika juu ya watu weusi maneno ya dharau ambayo msomaji wa Kiafrika hawezi kuyapita asiumie. Aliyeutambua ugonjwa alikuwa nao.

Ndugu Waislamu, tuna kisa kinachotuhusu zaidi. Wafasiri wa Kur'ani wamesimulia kwamba huko Madina liliibwa deraya, na mwizi alikuwa mtu aliyehesabiwa miongoni mwa Waislamu. Ilipoanza kutafutwa, mzigo ukatupwa kwa Yahudi mmoja. Jamaa wa mwizi walikwenda kwa Mtume (SAW) kumtetea mtu wao, na kwa dhahiri ya mambo ilikuwa rahisi kuaminika, kwa kuwa Yahudi hakuwa wa kundi lao na uhasama ulikuwapo. Ndipo zikateremshwa aya za Surat An-Nisaa, kuanzia ya 105, zikakataza kuwatetea wahaini na kubainisha uzito wa dhambi ya mwenye kutenda kosa kisha akamsingizia asiye nalo. Wahyi uliteremka kumsafisha mtu wa upande wa pili, na kumfedhehesha wa upande wetu. Tukiisoma sura hii kila mwaka katika Ramadhani, kisha ng'ombe akipotea au shamba likiliwa tunamwuliza mshitakiwa kabila lake kwanza, tumesoma nini?

Tuseme na wazazi waziwazi. Mtoto wa miaka minne hajui Mang'ati ni nani. Atajua jioni, wakati wa chakula, baba atakaposema "hawa watu", na mama atakapomtisha kwamba asipolala atakuja kuchukuliwa na Mmasai. Na katika boma, mtoto mwenziwe ataambiwa kwamba mlima jembe hana neno la kuaminiwa. Watakutana wakiwa na umri wa miaka ishirini, kiangazi, penye mto, mmoja na panga na mwingine na rungu.

Tunawaomba maimamu wa Dumila, Magole, Rudewa na Kilosa mjini jambo moja lisilohitaji fedha. Kabla ya mvua za masika hazijaanza na mashamba hayajapandwa, wawaalike wazee wa boma zilizo jirani, Waislamu na wasio Waislamu, wakae nao barazani baada ya swala. Waulizane mapito ya ng'ombe ni yapi mwaka huu, na nani aitwe kwanza shamba likiliwa. Na mwenye kuja na fimbo aonyeshwe mahali pa kuiweka, kama aonyeshwavyo mwenye mwavuli.

Wabillahi tawfiq.