Kit, kit, kit: neno moja linalokula saa 72 za mwanamke

Sikiliza redio zetu hapa Bukavu kwa wiki moja, kisha hesabu. Jumatatu, kit za shule kwa watoto waliohama. Jumanne, kit za usafi kwa sababu ya kipindupindu. Jumatano, kit za vipimo kwa maabara. Alhamisi, kit za taa za jua kwa vikundi vya akina mama. Ijumaa, kwa sauti ileile na haraka ileile: "Waliofanyiwa ukatili wa kijinsia waende kituo cha afya kupata kit." Mama anayeuza sambaza kwenye soko la Kadutu amelisikia neno moja mara tano. Nani amemwambia kwamba ile ya Ijumaa ni dawa, na kwamba dawa hiyo ina saa zake?

Naandika wazi kwa wenzangu wa redio na kwa mashirika yanayotuletea matangazo: neno hili limetosha. Halisemi kitu. Na mahali pamoja kutosema kitu ni kumdhuru mtu.

Neno lenyewe ni la Kiingereza. Wataalamu wa lugha wanasema Waingereza walilipata zamani kutoka Kiholanzi, likiwa na maana ya chombo cha mbao. Baadaye likawa mzigo wa askari, kisha vifaa vya fundi. Leo jezi ya timu ya mpira ni kit, seti ya ngoma za bendi ni kit, vipande vya ndege ya kuchezea vya kuunganisha mwenyewe ni kit. Kwao hakuna shida. Mtu wa Liverpool akilitaja siku ya mechi, kila mtu anajua anasema jezi. Wafaransa wakalichukua kwa Waingereza, na watu wa misaada wakatuletea sisi. Mpaka lifike Walungu au Kalehe limepita lugha tatu, na yaliyomo yamemwagika njiani.

Halafu kuna masikio yetu. Kiswahili hakipendi neno liishie kwa konsonanti, kwa hiyo mdomo unaongeza irabu: kiti. Mzazi akiambiwa mtoto wake atapewa "kiti ya shule", ana haki ya kuuliza kama ni cha mbao au cha plastiki, maana kuna shule ambazo watoto wanakosa kweli mahali pa kukaa. Kumbe ni daftari, kalamu na begi. Kwa nini tusiseme daftari, kalamu na begi?

Mkanganyiko huo si wa shule peke yake. Mwaka 2023, Tume ya uchaguzi ilipoandikisha wapiga kura, kit ilikuwa mashine: kompyuta, kamera, chombo cha alama za vidole. Mwezi Mei mwaka uleule, mafuriko yalipoua watu zaidi ya 400 Bushushu na Nyamukubi, kit kwa waliookoka ilikuwa bulangeti, sufuria na bidoni. Aina mpya ya mpox ilipogunduliwa Kamituga, na Shirika la Afya Duniani likatangaza hali ya dharura tarehe 14 Agosti 2024, kit ilikuwa dawa za kupimia ndani ya maabara, kitu ambacho hakuna raia angekipeleka nyumbani. Mashine, sufuria, kipimo. Aliyekuwa akingoja kugawiwa hakuwa mjinga. Aliyetangaza ndiye hakueleza.

Katika hayo yote hasara ni ndogo: mtu anapanga mstari bure, anarudi nyumbani amekasirika. Lakini tuje kwenye ile inayoitwa kit PEP. Hata hizo herufi tatu zimetoka Kiingereza. Maana yake ni matibabu ya kuzuia maambukizi baada ya hatari. Ndani yake kuna dawa za kuzuia virusi vya ukimwi, ambazo lazima zianzwe kabla ya saa 72 kupita na kumezwa siku 28. Kuna kidonge cha kuzuia mimba, ambacho kinafaa mpaka siku tano lakini kinafanya kazi vizuri zaidi kikimezwa mapema. Kuna dawa za magonjwa ya zinaa. Kituoni mtu anaweza pia kupewa chanjo ya homa ya ini aina ya B na ya pepopunda.

Saa 72 ni siku tatu. Kwa mtu wa Nyawera ni nyingi. Kwa mtu wa kijiji cha ndani Shabunda, ambako njia ni ya miguu, ni kidogo sana. Sasa mpe mtu huyo neno "kit". Akilini mwake ni mfuko wenye sabuni na kikwembe, zawadi ya pole. Mwenye maumivu na aibu hatembei siku nzima kufuata sabuni. Atasema: nitaenda wiki ijayo, siku ya soko. Wiki ijayo ile dawa ya virusi haitamfaa tena.

Hata wenye lugha ya misaada wanajua kwamba neno moja halitoshi, ndiyo maana wamelipa namba. Katika orodha ya dharura ya afya ya uzazi inayotumiwa na Umoja wa Mataifa, kit namba 2 ni ya kuzalia kwa usafi: sabuni, plastiki ya kulalia, wembe, uzi wa kufunga kitovu. Namba 3 ni matibabu ya aliyebakwa. Mwenye bohari anasoma namba kwenye sanduku. Msikilizaji haoni sanduku. Yeye anasikia "kit za akina mama zimefika", basi.

Najua jibu nitakalopewa, kwa sababu linatolewa na watu wenye moyo mzuri. Wanasema neno kit linaficha aibu: mwanamke anaweza kuomba kit mbele za watu bila kutamka yaliyompata. Ni hoja ya kweli. Lakini siri ni ya mtu, si ya dawa. Mlindeni mgonjwa kwa chumba kinachofungwa, kwa muuguzi asiyepiga kelele, kwa daftari lisiloachwa wazi mezani. Dawa yenyewe itangazwe mpaka kila mtu aijue, hata kijana, hata babu, ili siku jirani anapolia awepo mtu wa kumwambia: twende leo, si kesho.

Jibu la pili ni kwamba wafadhili wanataka hesabu, na kit ni rahisi kuhesabu. Hapo ndipo mimi nashtuka zaidi. Tangazo likisema familia mia tano zimepewa kit, mwandishi wa habari atahakikisha nini? Jana ilikuwa na bulangeti mbili, leo ina moja, na bado inaitwa kit. Neno lisilotaja yaliyomo haliwezi kupimwa. Raia akijua kwamba ni sabuni sita na bidoni mbili, atahesabu mwenyewe na kuuliza ya sita iko wapi.

Tangu mwanzo wa 2025 jambo hili limekuwa zito zaidi. Marekani ilisimamisha misaada yake mwezi Januari, M23 ikaingia mjini mwetu mwezi Februari, na dawa zikawa haba. Siku hizi tunasikia "kit hakuna". Hakuna nini? Kama zilizokosekana ni dawa za virusi, kidonge cha kuzuia mimba na chanjo huenda vipo. Mwanamke aliyesikia "kit hakuna" anabaki nyumbani na kukosa hata kile ambacho kingemsaidia.

Huu ni mji wa hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa mwaka 1999, na wa daktari Denis Mukwege aliyepewa tuzo ya Nobel ya amani mwaka 2018. Madaktari wa nchi nyingine wamejifunza kwetu namna ya kumhudumia aliyebakwa. Itakuwa ajabu sisi wenyewe tushindwe kusema kwa Kiswahili chetu anapewa dawa gani na mpaka lini.

Ombi langu ni dogo. Karatasi ya tangazo ikifika redioni na neno kit, mpigieni simu aliyeituma, mumuulize ndani kuna nini, ni kwa nani na mpaka lini. Asipojibu, tangazo lingoje. Na kwa jambo la ubakaji msingoje mtu awaletee karatasi. Someni haya asubuhi na jioni, kwa Kiswahili na kwa Mashi:

"Mtu akibakwa, mwanamke, mwanaume au mtoto, aende kituo cha afya au hospitali siku hiyohiyo. Kuna dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi. Lazima ianzwe kabla ya siku tatu kwisha. Kuna kidonge cha kuzuia mimba. Kimezwe mapema, kabla ya siku tano kwisha. Siku hizo zikipita, aende vilevile, maana matibabu mengine bado yapo."

Ni nusu dakika tu hewani, na neno kit halimo.