Chanjo si sasisho la simu

Haya wasomaji, leo mambo ya seva na misimbo yapumzike kidogo. Kuna mfano mmoja ambao umetoka kwetu sisi watu wa kompyuta ukaenea hadi vijiweni, na kwa maoni yangu unaharibu kuliko unavyosaidia.

Mfano wenyewe mmeusikia. Mtu anauliza kwa nini ameambiwa arudie chanjo ambayo alishadungwa, na jamaa mwenye kipakatalishi anamjibu: "Ni kama simu yako bwana. Si kila mara inakuomba usasishe programu? Mwili nao ni hivyo hivyo." Watu wanacheka, mada inafungwa, kila mmoja anaenda zake akidhani limeeleweka.

Limeeleweka vipi? Hebu tujiulize sasisho hutoka kwa nini. Mara nyingi hutoka kwa sababu toleo la kwanza lilikuwa na kasoro, mdukuzi akaona upenyo, tukaukimbilia kuuziba. Kwa hivyo ukimwambia mtu kuwa dozi ya nyongeza ni sasisho, umemwambia kwa upole kwamba ile ya kwanza ilikuwa mbovu. Isitoshe, sasisho analolijua Mkenya wa kawaida ni lile linalomaliza bando, linalojaza simu ndogo mpaka ikaganda, na ambalo maelezo yake yote ni maneno mawili: "marekebisho madogo". Tena halina mwisho. Mtu anayeahirisha kitu cha aina hiyo ana akili zake timamu. Sasa akiahirisha na chanjo tunashangaa nini?

Shida ni kwamba neno moja, "kurudia", limebebeshwa sababu nyingi zisizofanana. Chukua surua. Hapa Kenya mtoto huchanjwa akiwa na miezi 9, na tangu 2013 anatakiwa arudi akiwa na miezi 18. Wengi huamini ile ya pili inaongezea nguvu ile ya kwanza. Kazi yake kubwa ni nyingine. Katika watoto 100 waliochanjwa wakiwa na miezi 9, karibu 85 hupata kinga. Hao 15 waliobaki miili yao haikuitikia, pengine kwa sababu kinga waliyorithi kwa mama bado ilikuwa damuni ikaizima chanjo kabla haijafanya kazi. Huwezi kumjua mtoto wako yuko kundi gani kwa kumtazama. Basi wote wanarudi, ili wale 15 wapate nafasi ya pili. Sisi huku tungesema umetuma ujumbe, jibu la "umefika" halikurudi, ukatuma tena. (Huo mfano wa kompyuta naukubali.)

Pepopunda ni habari nyingine. Hapo chanjo ilishika vizuri, ila kinga iliyomo damuni hupungua miaka inavyopita. Panga likiwa butu unalinoa, na hakuna anayemlaumu mhunzi. Viini vyake vimo udongoni na kwenye samadi, havitoki kwa mtu kwenda kwa mtu, kwa hivyo kuchanjwa kwa jirani yako hakukusaidii wewe hata kidogo. Homa ya mafua nayo ina yake: virusi vyenyewe hubadilika sura, ndiyo maana wataalamu wanaokutanishwa na WHO hukaa mara mbili kwa mwaka, Februari na Septemba, kuchagua aina zitakazotiwa kwenye chanjo ya msimu unaofuata.

Halafu kuna homa ya manjano, ambayo naipenda kwa sababu imekwenda kinyume. Aliyewahi kusafiri anaijua ile kadi ya manjano. Zamani ilikuwa na muda wa miaka 10, ukiisha unadungwa tena. Mwaka 2013 wataalamu washauri wa WHO walipitia ushahidi, wakaona dozi moja inatosha maisha yote kwa watu walio wengi. Kanuni za afya za kimataifa zikabadilishwa, na kuanzia tarehe 11 Julai 2016 cheti hicho kinadumu maisha. Dozi ya kurudia ilifutwa, kwa maandishi! Kwenye matatu nasikia mara kwa mara kwamba haya mambo ya kurudia ni mradi wa kuuza dawa tu. Kama ni mradi, hapo mwenye duka alijifungia mwenyewe. Habari kama hiyo ilistahili kutangazwa kwa tarumbeta kila kaunti, kwa maana inaonyesha kwamba muda wa kurudia hutoka kwenye ushahidi, na ushahidi ukibadilika nao hubadilika.

Sikubali pia maneno kwamba Wakenya wanachukia kurudia chanjo. Mtembelee mfugaji wa kuku wa kienyeji. Kila baada ya miezi 3 hivi anakwenda duka la agroveti kununua chanjo ya kideri, ule ugonjwa ambao dukani huitwa Newcastle, kisha anawadondoshea kuku jichoni mmoja mmoja. Pesa ni zake, jasho ni lake, hakuna chifu anayemsukuma. Anarudia kwa kuwa anajua kideri kikiingia bandani hakibakishi, na mwenye duka alimweleza kinga ya kuku hukaa muda gani.

Mwishoni mwa 2024 serikali ilitangaza mpango wa kuchanja ng'ombe milioni 22 na mbuzi na kondoo milioni 50, dhidi ya ugonjwa wa miguu na midomo na sotoka ya mbuzi na kondoo. Wafugaji wengi waliukataa. Zikazagaa habari za Bill Gates na gesi inayotoka tumboni mwa ng'ombe, na zoezi lilipoanza Januari 2025 lilikuwa limekwisha kuchafuka jina. Tofauti na kuku ni ipi? Wafugaji ni wale wale, na sindano kwa ng'ombe si jambo geni. Kwa kuku, mwenye kuuliza na mwenye kujibu walikutana kwenye kaunta moja. Kwa ng'ombe, mfugaji alisikia idadi kwenye redio kabla hajasikia sababu.

Kwa binadamu imekuwa hivyo pia. Mwaka 2014 maaskofu wa Kanisa Katoliki walipoipinga kampeni ya pepopunda, maswali yao makubwa yalihusu mpangilio: kwa nini wanawake wa umri wa kuzaa peke yao, na kwa nini dozi nyingi hivyo? Kukaja madai kwamba chanjo ilitiwa homoni ya kuzuia mimba. Wizara ya Afya, WHO na UNICEF waliyakana. Lakini maswali yale yalikuwa na jibu la kueleweka na mtu yeyote: mama aliyechanjwa humpitishia mtoto kinga akiwa tumboni, na hiyo kinga ndiyo inayomwokoa mtoto mchanga kitovu kikikatwa kwa kifaa kichafu. Mama ambaye hakupata dozi zake utotoni hawezi kuwa na kinga ya kutosha kwa sindano moja. Jibu la sentensi mbili. Jibu kama hilo linapaswa kutangulia sindano. Likija nyuma ya uvumi linasikika kama utetezi.

Korona sitaichelewesha, nyote mlikuwepo. Chanjo zilianza hapa Machi 2021. Novemba mwaka huo tukaambiwa kwamba kufikia tarehe 21 Desemba asiyechanjwa hatahudumiwa ana kwa ana kwenye ofisi za serikali. Desemba Mahakama Kuu ikasimamisha agizo hilo, na mwezi huo huo haujaisha dozi ya nyongeza, "busta", ikatangazwa. Agizo, kesi na busta ndani ya wiki chache! Machi 2023 WHO ikasema mtu mzima mwenye afya njema aliyekwisha kupata dozi za mwanzo na nyongeza moja hahitaji kuongezewa tena kwa utaratibu wa kawaida. Wazee na wenye kinga dhaifu ndio waendelee. Ushauri wenyewe ulikuwa wa busara. Ila aliyekuwa amesukumwa kwa agizo aliusikia kama kukiri.

Sasa nije kwenye kinachoniuma, nacho ni mwaka wa pili wa mtoto. Mpaka miezi 9 mama ana mwendo: wiki 6, wiki 10, wiki 14, halafu miezi ile ya mwishoni. Kliniki inamjua, kijitabu kiko mkobani. Baada ya hapo ni kimya cha miezi 9. Mtoto anatembea, mama amerudi kazini, au mtoto yuko kwa nyanya yake mashambani na kijitabu kimebaki Nairobi. Miezi ile 18 ikifika hakuna homa wala kikohozi cha kumkumbusha mtu. Na ukuta wa kuizuia surua unahitaji watoto 95 katika kila 100.

Tuseme mama amekumbuka, akaomba ruhusa kwenye kibarua cha kulipwa kwa siku, akafika. Chanjo ya surua mara nyingi huja kwenye chupa ya dozi 10. Ikishachanganywa na maji yake lazima itumike ndani ya saa 6, inayobaki inamwagwa. Muuguzi akiwa na watoto wawili tu kwenye foleni anaogopa kuifungua, anasema "rudi Alhamisi". Ukimhesabu mama huyo miongoni mwa "wanaopinga chanjo" utakuwa umemwonea.

Kule magharibi kuna jambo zito zaidi. Chanjo ya malaria ilizinduliwa Homa Bay Septemba 2019, na mpango ulikuwa dozi 3 kufikia miezi 9, kisha ya nne mtoto akifikisha miaka 2. Katika majaribio makubwa yaliyohusisha Kilifi, Siaya na Kombewa, ambayo matokeo yake ya mwisho yalitoka 2015, watoto wa umri mkubwa kidogo waliopata dozi ya nne walipungukiwa na malaria kwa asilimia 36. Wasioipata, asilimia 28. Hiyo ni nyongeza ya kweli, kinga inashuka na dozi inainyanyua. Mama wa huko akiambiwa tu "kuna nyingine ukifika miaka miwili", hana njia ya kujua kwamba hii si sawa na ile ya surua.

Najua wanaprogramu wenzangu wameshaanza kuandika programu kichwani: ujumbe mfupi, tarehe, mama anakumbushwa, kazi imeisha. Poleni. Limejaribiwa Siaya kwa utafiti wa kubahatisha vijiji, matokeo yakachapishwa 2017. Bila kukumbushwa, watoto 82 katika 100 walikamilisha chanjo za mwaka wa kwanza. Kwa ujumbe peke yake, 86, na tofauti hiyo haikutosha kuitegemea kitakwimu. Tofauti ya kutegemewa ilionekana ujumbe ulipoandamana na shilingi 200 kwa kila chanjo iliyowahiwa: 90. Yaani wengi hawakuwa wamesahau. Walikosa nauli na siku ya kazi.

Kwa hivyo ningetaka vitu viwili. Kwenye kijitabu cha mama na mtoto, kando ya kila tarehe ya kurudi, paandikwe kwa Kiswahili sababu ya kurudi, muda kinga inaodumu, na kama dozi hiyo ndiyo ya mwisho. Nafasi ipo. Cha pili ni cha kwetu. Badala ya kumkumbusha mama tarehe anayoijua, tuandikeni kitu kinachokusanya majina ya watoto wa miezi 18 wa eneo moja, wakifika 6 au 7 muuguzi anapanga siku, na wote wanapokea ujumbe usiku uliotangulia: "Kesho tunafungua chupa saa tatu asubuhi." Simu ya kawaida isiyo na intaneti inatosha. Nimeanza kuchora hifadhidata yake. Anayemjua muuguzi atakayekubali kuijaribu kwenye zahanati yake aniandikie barua pepe.